Jina Nililolifuta Nikalirudisha

Ngalula mwanangu,

Nimekaa kwenye dawati la mbele, lile la karibu na dirisha, katika darasa langu la mwaka wa kwanza. Ni saa tisa za mchana. Nyuma yangu hakuna dawati lingine, yote yamebebwa na kuvunjwa kuni tangu shule ilipofungwa. Karatasi hizi za miraba nimezikata kwenye daftari la jiometri ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Nimekuja kuandikia hapa kwa sababu nyumbani ungeniuliza ninaandika nini, nami ningekudanganya, na uongo mwaka huu nimeshausema wa kutosha.

Mambo ya safari tumekwisha kuyazungumza: maji ya kuchemsha, shuka, kukaa mbali na mlango wa behewa. Sitayarudia. Kesho asubuhi unapanda treni kumfuata mama yako Mwene-Ditu. Mama yako ameandika kwamba paroko wa huko amefungua madarasa chini ya maturubai kwa watoto wa Kasai waliofukuzwa huku kwetu, na kwamba wewe utapewa mwaka wa kwanza uufundishe hesabu na jiometri. Ulipoisoma barua hiyo ulicheka, mara ya kwanza tangu mama yako aondoke. Ukaniuliza, "Papa, nitaanza na nini?" Nikasema nitakuandikia. Ulidhani nitakuandikia maandalio ya somo, na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Basi nianze na kosa dogo. Yale makubwa yatafika yenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilianza jiometri kama nilivyoanzishiwa mimi. Niliandika ubaoni maana ya nukta, kitu kisicho na urefu wala upana. Nikagonga alama ya chaki pembeni, nikawaamuru watoto waikariri ile maana kwa Kifaransa, wakaikariri kama sala. Mmoja, jina lake Kisimba, akanyosha mkono kutoka nyuma. "Monsieur, hii point yako iko na upana. Mi naiona mpaka huku." Darasa likacheka. Nilimwita mbele nikampiga kwa rula kwenye vidole. Nilimpiga kwa sababu alikuwa ameona sawasawa na mimi sikuwa na jibu. Likumbuke jina hilo, Kisimba, maana litarudi.

Kwa hiyo usianze na nukta. Mtoto aliyelala stesheni wiki sita akingoja treni huwezi kumwanzishia kitu ambacho hakipo. Mpe kitu cha kushika. Na akikuambia kwamba alama yako ya chaki ni nene, mkubalie, mwambie ndiyo, ni nene, sasa tufanyeje? Hapo somo limeanza, na wala hujafungua kitabu.

Lakini hayo sikuyajua kwa akili zangu. Nilifundishwa na jiko letu.

Wewe ulizaliwa ukalikuta limepinda. Umekua ukimwona mama yako akiegemeza jiwe kwenye mlango ule usiofungika, ukafikiri majiko yote ya Kolwezi yako hivyo. Haya, sikia. Mjomba wako Mukendi, manseba wako, alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya ujenzi, akaja kunijengea jiko la dada yake kwa mikono yake bila kuombwa. Mimi nikamwambia shemeji yangu, bukwe, matofali ni yako, lakini msingi nitaupima mimi, mimi ndiye mwalimu wa jiometri. Nikaenda shuleni, nikachukua ile ekeri ya mbao ya kuchorea pembe ubaoni, nikaiweka kwenye pembe, nikavuta mistari kwa macho mpaka mwisho wa kiwanja. Mukendi alisimama akijikuna shingo. Majirani walikuwepo wanatazama, na kwao mtu hamwaibishi mume wa dada yake mbele ya watu. Akajenga nilipochora. Akajua tangu tofali la kwanza kwamba linakwenda upande, akajenga tu mpaka juu, akaweka bati, akaweka mlango, mlango ukagoma.

Alingoja majirani waondoke. Ndipo akatoa mfukoni kamba yake, kamba ya katani iliyofungwa mwisho kwa mwisho, yenye mafundo kumi na mawili yaliyoachana sawasawa. Akachomeka vijiti vitatu chini, akaivuta: mafundo matatu upande huu, manne upande ule, matano yale yanayobaki. Pembe ikasimama yenyewe, wima kabisa. Mukendi hakuwahi kumsikia Mgiriki yeyote. Akaniambia, "Bukwe, ekeri yako iko muzuri. Ila iko mufupi. Ukikosa kidogo hapa, kule mbali unakosa mingi." Nilikasirika siku mbili nzima. Unanijua, baba yako hata chumvi anataka kuipima yeye. Siku ya tatu nilimwomba ile kamba, akanipa, akasema atajifungia nyingine.

Tangu mwaka ule nilianza jiometri uani. Fanya hivyo na wewe, kamba hii nimekuwekea kwenye bahasha pamoja na barua. Wagawe watatu watatu, wape vijiti, usiwaambie kitu. Waache wavute. Watagombana, mmoja atavuta sana, mwingine atahesabu fundo mara mbili, pembe itakuwa pana kama mkeka. Usiwasahihishe haraka. Ukiona mmoja amenyamaza ghafla na anaitazama pembe yake, mwache, usimwendee, usimsifu. Nimewaona watoto wengi katika dakika ile. Kwa ajili ya dakika hiyo nilivumilia mishahara yote isiyofika.

Baada ya kamba, nenda kwenye hatua. Waambie wapime uwanja kwa miguu. Kila mmoja atakuletea hesabu yake, huyu tisini, yule mia na kumi, na kila mmoja ataapa kwamba mwenzake mwongo. Hapo ndipo watakapotambua wenyewe kwamba inatakiwa hatua moja ya watu wote. Katika darasa langu la mwisho walimchagua Mbuyi, binti wa Mukendi, kwa sababu alikuwa anatembea bila kuyumba, hatua zake zote sawa. Ukawa ndio utaratibu wa darasa: mita ziliachwa, tukapima kwa hatua za Mbuyi.

Na hapa ninafika kwenye ukuta wa darasa na mchoro uliotundikwa hapo.

Nilitaka wajifunze kipimo cha mchoro, jinsi kitu kikubwa kinavyoingia katika karatasi bila kubadilika umbo. Mukendi alituletea karatasi kubwa kutoka mgodi wa Mashamba, upande mmoja umechorwa mashimo yake ya zamani, upande wa pili mweupe. Nikawaambia tutachora mtaa wetu wote. Sentimita moja, hatua kumi za Mbuyi. Mwezi mzima watoto walipita avenyu kwa avenyu, Mbuyi mbele anatembea, wengine nyuma wanahesabu kwa sauti, watu wanatoka majumbani kuwatazama. Wakachora kila nyumba mraba wake, kila kona, bomba la maji, kanisa, stendi ya mikate. Ulikuja ukauona, ukasema, "Papa, hata choo cha kwetu kiko!"

Katika jiometri, Ngalula, kitu kinaitwa A, kinaitwa B. Nilijua hivyo, nimefundisha hivyo miaka yote. Lakini watoto walitaka kuandika majina, na mimi nilipenda kuona wanavyofurahi, nikasema sawa, kila mraba uandikeni jina la mwenye nyumba. Mbuyi aliandika la baba yake kwa herufi ndogo nzuri. Kwenye avenyu yao hakuna aliyelijua jina lile. Wote walimwita Masoni, yaani mwashi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huku huku, na hakuna aliyewahi kumuuliza babu yake aliletwa na treni gani kuja kuchimba shaba. Jina la Kasai likapanda ukutani mwa darasa langu. Inspekta alipopita alisimama mbele ya mchoro muda mrefu, akaniambia hajaona kazi kama ile katika jimbo zima. Nilitembea wiki nzima nimenyosha shingo.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Mgodi uliporomoka, kampuni ikashindwa kulipa, taa zikazimika mtaa baada ya mtaa, na badala ya kutuambia chakula kitatoka wapi, wakubwa wa chama wakatuambia ni nani anakila: watu wa Kasai. Watu tuliosali nao wakaitwa bilulu, wadudu. Mama yako akaacha kusema Kiluba cha kwao sokoni. Jioni moja aliniambia niutoe mchoro ukutani, wakati anachambua mboga, hata hakuinua kichwa.

"Baba Ngalula, ile karatasi ya ku mur, utoshe."

"Ile ni kazi ya batoto."

"Batoto ba nani?" akasema.

Nilijiambia kwamba mama yako anaogopa kivuli. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninaupenda ule mchoro. Sikuwahi kutengeneza kitu kingine kizuri maishani mwangu, ukiacha wewe, na wewe nilisaidiwa.

Siku waliyokuja walikuwa watatu, vijana wa chama, mchana, watoto wameshakwenda nyumbani. Wa mbele alivua kofia mlangoni. "Bonjour, Monsieur." Alikuwa Kisimba. Mtu mzima sasa, ana ndevu. Hakunitazama, alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akaupitia mchoro wote kwa kidole, taratibu, kama nilivyomfundisha, kutoka kushoto. Halafu akasoma kipimo kilichoandikwa pembeni, akaniuliza, "Monsieur, échelle ni hii? Sentimita moja, hatua kumi?"

Nikamjibu, "Ndiyo, ni hiyo."

Mwanangu, nilijibu kama mwalimu. Mwanafunzi ameuliza swali zuri, mwalimu amejibu. Sijawahi kujisamehe kwa sauti ile niliyojibia.

"Tutarudia kesho asubuhi kuibeba," akasema Kisimba. "Hatuna maneno na wee, Monsieur. Wee ni mutu wa huku. Tunaomba tu karatasi."

Wakatoka. Niliachiwa mchana mzima na jioni yake. Sikufungwa, sikupigwa, hakuna aliyeniwekea panga shingoni. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa sababu siku hizi kila mtu katika mji huu anasema alilazimishwa.

Niliutoa mchoro ukutani, nikaulaza juu ya meza. Nikatoa kiberiti, nikakirudisha. Nilishindwa kuuchoma kwa sababu ulikuwa mzuri. Halafu nikawaza Mukendi. Nikachukua kifutio, nikakifuta kile kijina alichoandika Mbuyi, polepole, mpaka karatasi ikawa nyeupe. Nikapumua. Nikarudi nyuma hatua mbili kutazama, na unajua macho yalikwenda wapi? Kwenye ule mraba mtupu. Kati ya nyumba zote za mtaa ni ule tu haukuwa na jina, unang'aa kama jino. Kisimba angeuona kabla ya kuona kingine. Angeniuliza, na jibu angelijua, kwamba mwalimu amemficha ndugu wa mke wake, na kwa mwalimu mwenyewe yuko mke wa Kasai na yuko binti.

Nikakaa. Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti cha dirisha hili. Nikachukua kalamu ya wino na nikaliandika tena jina la Mukendi, kwa mkono wangu, kwa herufi zangu kubwa za ubaoni.

Ningeweza kuandika jina lingine lolote. Ningeweza kuandika Masoni. Halikunijia, au lilinijia nikalifukuza, mpaka leo sijui, na nimejiuliza kila siku. Nimejiambia nilifanya kwa ajili yako na mama yako, na kipande cha hilo ni kweli. Kipande kingine ni kwamba nilikuwa nimesikia "wee ni mutu wa huku" na nilitaka kubaki mtu wa huku.

Asubuhi nilimpa Kisimba karatasi hapa hapa mlangoni, imekunjwa vizuri. Akasema merci.

Mama yako alipouliza, nilimwambia niliichoma. Anaamini hivyo mpaka leo.

Saa nne walikuwa kwa Mukendi. Walihesabu hatua kutoka kwenye bomba, watu waliwasikia wakihesabu. Walimtoa nje, wakamvunja mkono wa kulia kwa nyundo yake mwenyewe, wakaangua mabati, na saa sita yeye na mkewe na watoto walikuwa stesheni na wale wengine wote, chini, juu ya vitu vyao. Huko unakujua. Ulipeleka maji kila siku. Uliona jinsi kuhara kulivyomchukua mke wake kabla treni haijafika, na uliona mama yako akifunga kitambaa kichwani, akisema hatarudi nyumbani, watoto wa kaka yake hawana mama.

Jambo moja hukuliona. Siku moja kabla ya treni yao nilikaa na Mukendi kwenye reli. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kanga ya mama yako. Akaniambia, "Bukwe, ile karatasi yabo niliiona. Majina yote ni mwandiko ya batoto. Yangu ilikuwa ya mutu mukubwa." Akaniuliza, "Wee haujue ni nani aliandika?"

Nikasema, "Hapana, bukwe. Sijui."

Alitikisa kichwa kidogo, halafu akauliza kama kamba yake bado ninayo. Nikasema ninayo. Akasema nibaki nayo, watoto wa shule wataihitaji, yeye mkono huu hautafunga tena fundo. Ninafikiri alijua. Ninafikiri alinipa nafasi ya kusema bila watu kusikia, kama alivyongoja majirani waondoke kwenye jiko lile, na safari hii nilimwacha angoje bure.

Sasa nifike kwa Mama Feza, muuza maandazi wa langoni hapa, kwa sababu ni yeye hasa aliyenileta kwenye dawati hili.

Asubuhi ile ulipita mbele ya shule, ukawaona vijana wa chama wamesimama kwenye beseni lake la bitumbula, na ukamwona Mama Feza amenyosha mkono akiwaonyesha njia. Nusu saa baadaye Mukendi alikuwa chini. Ukaunganisha nukta mbili ukapata mstari. Ni hesabu nzuri, ila umeikosea. Ulikwenda kwake, ukalipiga teke beseni, bitumbula vikamwagika matopeni, ukapiga kelele avenyu nzima isikie: "Umelisha batu damu ya manseba wangu!" Mimi nilikuwa langoni. Nilimwona mama mwenye umri wa dada yangu akipiga magoti kuokota kimoja kimoja, akikifuta kwa kitenge. Nilikushika mkono nikakupeleka nyumbani, nikakuambia tulia. Sikukuambia kingine. Tangu siku ile watu hawanunui kwake, na mtoto wa jirani amemrushia jiwe, na wewe kila siku unapita upande wa pili wa barabara. Kesho unakwenda kuwaeleza watoto wa Mukendi ni nani aliyemuuza baba yao. Nimekusikia ukisema hivyo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Nilitaka kujua alichoona. Alikuwa anakanda unga, hakuacha kukanda.

"Mama, ile asubuhi baliuliza nini?"

"Baliuliza avenyu ya bomba inaanzia wapi. Mi nilibaonesha njia ya kwenda Mutshatsha, kule kwa kutokea muji. Bakacheka. Bakafungua karatasi yabo, bakaenda."

"Ulijua karatasi ilitoka wapi?"

Ndipo aliponitazama. "Tata Mwalimu, mi nauzisha hapa mbele ya shule miaka ngapi? Nilikuona ukiipana. Uliikunja muzuri."

Nilimuuliza kwa nini hakusema, siku ile ulipomwaga beseni, mbele ya wote. Akarudi kwenye unga wake.

"Mutoto alikuwa amepoteza manseba, na mama yake iko ku stesheni. Alibakia na baba peke. Mi ningesema, angebakia na nani?"

Mama huyu hajui kusoma. Hajui pembe ni nini. Aliposimama kati ya watu wale na nyumba ya Mukendi, na hana kitu mkononi isipokuwa unga, aliinua mkono akajaribu kuwapoteza. Mimi nilikuwa na kiberiti, kifutio na miaka kumi na tisa ya shule.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, uikute Mwene-Ditu ukitoa nguo. Ungeshapita Tenke, ungeshapita Kamina, nami nisingeuona uso wako. Nilishaandika kurasa mbili kwa mpango huo, nikazichana. Kama ningefanya hivyo ungeondoka kesho bila kupita kwa Mama Feza, na treni ya kurudi haipo. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, kabla jua halijazama, wakati yeye bado yuko langoni na beseni lake. Utafanya utakavyo. Sikuamuru. Ninakupa tu muda wa kutembea kutoka nyumbani mpaka hapa, nao unajua ni mfupi.

Ukifika Mwene-Ditu, msomee mama yako barua hii. Kisha msomee Mukendi. Ukimaliza ndipo umpe kamba yake, si kabla, nisije nikaonekana ninamhonga. Akikuruhusu, fundishia. Asipokuruhusu, funga nyingine, mafundo unayajua. Mbuyi atakuwa darasani kwako, na huenda akakataa kuchora nyumba. Usimlazimishe. Mwambie jina aliloandika yeye lilifutwa, halikumfikisha mtu popote, lililosomwa si la kwake. Mwambie hilo mapema, siku ya kwanza, kabla ya kamba na kabla ya hatua. Na mkichora, andikeni A, andikeni B.

Nimekuzaa, nimekulea, nimekufundisha kushika kompasi ukiwa na miaka sita, ninakupenda kuliko chochote, na nilikuacha umchukie mtu mwema miezi mitatu ili usinichukie mimi. Sina jina la kitu hicho. Nikikupa barua nitakwenda kukaa jikoni. Mlango wake haufungiki, kwa hiyo ukitoka utaniona, na kama hutaki kunisemesha, pita. Kesho nitabeba sanduku lako mpaka stesheni. Nitatembea nyuma yako, si pembeni.

Limebaki jambo moja. Mukendi aliiona ile karatasi mikononi mwao, na anayakumbuka yale maandishi. Sitaki akisikia barua hii afikiri ninajisingizia kwa huzuni, au kwamba mama yako ameiandika kwa hasira. Kwa hiyo hapa chini ninaliandika tena, kwa kalamu ile ile, kwa herufi zile zile, ukubwa ule ule. Mwonyeshe. Ataulinganisha mwandiko.

MUKENDI

Baba yako